Mfarishi Uliouzwa kwa Dola Tano

Wapo wasafirio ng'ambo ili kutazama minara na majumba ya wafalme, na hao hatuwashangai. Lakini huko Marekani wako akina mama, na wanaume wachache, ambao hufunga safari ya mamia ya maili ili wakasimame nusu saa mbele ya mfarishi mkuukuu. Hao ni washonaji wenyewe. Huinama, huhesabu mishono, huzichunguza rangi zilizopauka, kisha hurejea makwao na jambo la kuiga. Msomaji atakayesema kwamba huo ni upuzi wa watu walioshiba namwomba avute subira.

Mfarishi una tabaka tatu: juu vipande vya nguo vilivyounganishwa, katikati pamba, chini bitana. Kisha zote hushonwa pamoja kwa mishono midogo midogo ili pamba isihame. Nao haudumu kama jiwe. Vitambaa vya kale vya rangi nyeusi na hudhurungi, ambavyo rangi yake ilishikishwa kwa dawa yenye chuma, huoza mapema kuliko vinavyovizunguka, na mwanga humaliza vilivyobaki. Ndiyo maana katika makumbusho mifarishi ya kale huonyeshwa kwa taa hafifu, tena kwa muda tu. Msafiri asiyeuliza mapema huenda akafika akaambiwa kwamba aliyoijia imelazwa gizani.

Mmoja wa mifarishi inayotafutwa mno umehifadhiwa Washington, katika taasisi ya Smithsonian. Aliushona Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia mwaka 1837. Una picha 11 za visa vya Biblia, zilizokatwa katika vitambaa na kubandikwa kwa mshono wa mkono na wa cherehani. Mwaka 1886 uliwekwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens, na hapo ukaonwa na Jennie Smith, mwalimu wa sanaa. Mwalimu alitaka kuununua. Mwenyewe akakataa katakata. Miaka ikapita, shida ikabisha hodi, na Powers akataka kuuuza. Safari hiyo mwalimu ndiye aliyekuwa hana fedha. Hatimaye, mwaka 1891, Powers aliuleta kwa mkokoteni wa ng'ombe, umefungwa katika mfuko wa unga na kutiwa ndani ya gunia. Alitaka dola 10, mwalimu akampa dola tano, naye akazipokea baada ya kushauriwa na mumewe.

Tangu hapo alirudi mara kadhaa nyumbani kwa mwalimu kuutazama.

Sitaki kumtukana Jennie Smith. Dola tano zilikuwa nusu ya bei iliyotajwa, na hilo halifichiki. Lakini kabla mshonaji hajaondoka, mwalimu huyo alimketisha, akamwuliza maana ya kila picha, na akayaandika majibu. Wangapi kati yetu wamewahi kumfanyia hivyo bibi anayesuka mkeka? Bila karatasi ile, leo tungekuwa na kitambaa kizuri kisicho na sauti.

Mfarishi wake wa pili unaojulikana uko Boston, katika Museum of Fine Arts, nao una picha 15. Humo Yona na Ayubu wamepakana na mambo ya dunia: mvua ya vimondo ya Novemba 1833, siku ya giza ya Mei 1780, hata nguruwe aitwaye Betts anayesimuliwa kwamba alikimbia maili 500 kutoka Georgia hadi Virginia. Mwanafunzi wa historia na azitazame tarehe hizo. Vimondo vilianguka miaka minne kabla Powers hajazaliwa. Alichoshona ni masimulizi aliyoyapokea kwa wakubwa wake. Kwa muda mrefu vitabu vilimwita mtu asiyejua kusoma, mpaka ilipochapishwa, mwaka 2009, barua inayoonyesha kwamba alijifunza kusoma. Wepesi wetu wa kudhani kwamba mkono unaoshika sindano haushiki kitabu ni jambo la kutafakari.

Iko hadithi nyingine ambayo walimu wajihadhari nayo. Kitabu kilichotoka mwaka 1999 kilieneza dai kwamba mifarishi ilianikwa nje kama ishara za siri za kuwaongoza watumwa waliotoroka. Ni hadithi tamu, na shule nyingi huko zimeifundisha. Wanahistoria walioichunguza hawakuona ushahidi wa wakati ule. Watumwa walitoroka kweli, kwa ushujaa usiohitaji kutiwa chumvi.

Msafiri wetu akishuka Alabama atafika Boykin, kijiji kijulikanacho zaidi kwa jina la Gee's Bend, ambacho mto umekizunguka pande tatu. Wenyeji ni wajukuu wa watumwa, na wengi huitwa Pettway, jina la aliyewamiliki mababu zao. Mwaka 1962, walipokuwa wakidai haki ya kupiga kura, feri iliyowavusha ilisimamishwa. Haikurudi hadi mwaka 2006. Huko ndiko Missouri Pettway alikofiwa na mumewe, naye mwaka 1942 akazikata nguo za kazi za marehemu na kuzifanya mfarishi wa kujifunika. Magoti yaliyochakaa na alama za mifuko bado huonekana. Mifarishi ya kijiji hicho ilipoonyeshwa Houston na New York mwaka 2002, wahakiki waliwasifu washonaji kwa kuwafananisha na wachoraji mashuhuri wa karne ya 20. Sifa hiyo naiona ya ajabu kidogo. Wale akina mama walikuwa wakizuia baridi, na walijua uzuri bila ya kuazima jicho la mchoraji.

Safari ya mbali kuliko zote hutufikia sisi. Katika misitu ya Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, ambao wengi wa wazee wao walichukuliwa kutoka pwani zetu za mashariki na kusini zaidi, na baadhi wakatoroka utumwa wa Wareno wa Goa. Wanawake wao hushona kawandi kwa viraka vya nguo kuukuu. Huanza pembeni na kuzunguka, kiraka juu ya kiraka, hata wakakutana katikati. Katika kila pembe hushonea vipande vilivyokunjwa pembetatu, viitwavyo phula, yaani maua. Kawandi isiyo na maua hayo, wao husema, iko uchi.