Ini Linaposhambuliwa na Mlinzi Wake

Je, ini lako liko wapi? Weka mkono upande wa kulia, kwenye mbavu za chini. Hapo hapo! Ini huondoa sumu mwilini, hutengeneza nyongo ya kusaidia kusaga mafuta, huweka akiba ya sukari na hutengeneza vitu vinavyoifanya damu igande unapojikata.

Ukisikia mtu anaumwa ini, unawaza nini? Wengi husema, "Huyo anakunywa pombe," au "Ana virusi." Ni kweli, pombe na virusi vya homa ya ini huharibu ini. Lakini upo ugonjwa mwingine usiotokana na pombe wala virusi: homa ya ini inayosababishwa na kinga ya mwili yenyewe.

Inakuwaje mwili ujishambulie?

Kinga ya mwili ni kama mlinzi wa getini. Kazi yake ni kuwazuia wezi, yaani vijidudu vya maradhi. Sasa fikiria mlinzi huyo anaanza kumpiga mwenye nyumba! Ndivyo inavyotokea hapa. Chembe nyeupe za damu huliona ini kama adui na kulishambulia. Ini huvimba, na baada ya muda hujaa makovu.

Daktari wa Sweden, Jan Waldenström, alieleza habari za ugonjwa huu mwaka 1950, na wagonjwa wake walikuwa wanawake vijana. Hadi leo, karibu watu watatu kati ya kila wanne wanaougua ni wa kike. Unaweza kuanza utotoni, ujanani au uzeeni, na wavulana pia huupata. Kwa nini humpata huyu na si yule, sayansi bado haijapata jibu kamili.

Dalili zake ni uchovu usioisha, maumivu ya viungo, kukosa hamu ya kula, macho kuwa ya manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Wengine hawana dalili yoyote. Daktari huutambua kwa vipimo vya damu, na mara nyingi kwa kuchukua kipande kidogo sana cha ini kwa sindano.

Je, unaambukiza?

Hapana! Hauambukizi kwa kula sahani moja, kulala bweni moja, kushikana mikono wala kubusiana. Basi hakuna sababu ya kumtenga mwenzako.

Dawa zipo, ila zina gharama yake

Mwaka 1971 madaktari wa London, akiwemo Sheila Sherlock, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba dawa za steroidi huokoa maisha ya wagonjwa hawa. Mpaka leo dawa kuu ni prednisoloni, na mara nyingi huongezwa azathioprini ili dozi ya prednisoloni ipunguzwe. Hutuliza yule mlinzi mkorofi. Wengi hupata nafuu kubwa, lakini hunywa dawa kwa miaka, na wengine maisha yote.

Hapa ndipo kwenye mtihani wenyewe kwa kijana. Prednisoloni ikiwa nyingi inaweza kuufanya uso uwe wa duara, kuleta chunusi, kuongeza unene, kuharibu usingizi na kukufanya ukasirike ovyo. Hebu fikiria: una miaka 16, unarudi shuleni baada ya likizo, na darasa zima linauliza, "Mbona umefura hivyo?" Msichana mwingine huvumiliwa kucheka tu, kumbe usiku analia. Baadaye anaanza kuficha vidonge chini ya godoro.

Jamani, hatari iko hapo! Ukiacha dawa, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu na ini likaharibika kimya kimya. Tena kuna hatari ya pili. Juu ya figo zako kuna tezi zinazotengeneza homoni inayofanana na prednisoloni. Ukinywa kidonge muda mrefu, tezi hizo hulala. Ukikiacha ghafla, mwili unabaki hauna kitu: unatapika, presha inashuka, na unaweza kufa. Ndiyo maana daktari hupunguza dozi kidogo kidogo. Dozi ikipungua, uso nao kwa kawaida hurudi kama zamani.

Vipimo vizuri, moyo je?

Damu inaweza kuonyesha kwamba ini limetulia, na bado mtu akajisikia vibaya. Mwaka 1999 watafiti walichapisha dodoso la maswali 29 kwa wenye magonjwa sugu ya ini. Huuliza pia kuhusu uchovu, hisia na wasiwasi, kwa sababu hayo nayo ni sehemu ya afya. Na utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba sonona na wasiwasi huwapata wenye ugonjwa huu zaidi ya watu wengine.

Kwa hiyo, kama wewe ndiye mgonjwa:

- Mwambie daktari ukweli wote: uso, usingizi, huzuni, hata vidonge ulivyoruka. Dozi au dawa inaweza kubadilishwa. Ukinyamaza, atajuaje?
- Mweleze mwalimu au matroni mmoja unayemwamini, ili siku ukichoka usilazimishwe mchakamchaka.
- Epuka pombe. Usinywe dawa nyingine, hata ya mitishamba, wala usichanjwe kabla ya kumwuliza daktari.
- Ukipata homa, nenda hospitali mapema. Dawa hizi hupunguza nguvu ya kinga.

Na kama mgonjwa ni rafiki yako? Usimwite majina. Mwazime daftari akikosa kipindi. Mwulize, "Leo unajisikiaje?" kisha msikilize.

Je, ndoto zimekwisha?

Hata kidogo. Wengi walio kwenye matibabu husoma, hufanya kazi na hupata watoto, mradi mimba ipangwe pamoja na daktari. Mtazame Chris Klug wa Marekani. Alikuwa na ugonjwa mwingine wa ini, wa mirija ya nyongo, ambao nao wataalamu wanauhusisha na kinga ya mwili. Mwaka 2000 alipandikizwa ini. Mwaka 2002 alishinda medali ya shaba ya kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya Salt Lake City.

Si kila mtu atapata medali. Lakini kila mgonjwa ana haki ya kusema anavyojisikia. Basi kabla hujaficha kidonge chini ya godoro, sema na mtu. Leo hii.