Betri inayokula sukari ya damu, na uongo wa wauza bangili

Maswali kuhusu "umeme wa mwilini" yamerundikana tangu video ya betri inayotumia sukari ya damu ianze kusambazwa kwenye simu. Msomaji mmoja anauliza kama mgonjwa wa kisukari ana umeme mwingi kuliko wenzake. Mwingine anataka kupandikizwa betri hiyo imnyonye sukari mpaka apone. Wa tatu ameuziwa bangili na kuambiwa inafanya kazi hiyo hiyo.

Betri yenyewe ipo. Mwaka 2010 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliipandikiza ndani ya panya hai, ikatoa mikrowati 6.5. Mikrowati moja ni sehemu moja ya milioni ya wati, na chaja ndogo ya simu hutoa wati 5. Kuifikia chaja hiyo kungehitaji panya zaidi ya laki saba.

Kuhusu kisukari, tupige hesabu. Kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo hutosheka na mikrowati 10 hivi. Betri ya nguvu hiyo, yenye nusu volti, inayochukua elektroni 2 kwa kila molekuli ya glukosi, itatumia takribani miligramu 1.6 za glukosi kwa siku. Kijiko cha chai chenye gramu 4 kingeiendesha kwa zaidi ya miaka sita. Sukari haitashuka kwa njia hiyo, leo wala kesho.

Kilichowasumbua wanasayansi tangu betri za kwanza za aina hii mwaka 1964 ni namna ya kuitoa elektroni ndani ya kimeng'enya, yaani protini inayozichukua kutoka kwenye glukosi, na hapa ndipo penye utamu wote. Kimeng'enya kimoja, glukosi oksidesi, kinachopatikana kwa kuvu Aspergillus niger, huipokonya glukosi elektroni mbili upesi sana. Lakini sehemu inayozishika imezama ndani ya protini kama kokwa ndani ya embe, nanomita 1.5 hivi kutoka juu. Elektroni huruka masafa mafupi tu: kila umbali ukizidi kwa nanomita 0.17 hivi, kasi hushuka mara kumi. Waya ukiugusa uso wa protini haupati kitu cha maana. Oksijeni, kwa udogo wake, hupenya na kuzibeba elektroni hizo, ikatokea peroksidi ya hidrojeni, na umeme umepotea.

Adam Heller wa University of Texas at Austin alitafuta njia ya kupita humo. Aliikumbatisha protini kwa polima yenye osmiamu. Elektroni zikapokezanwa kutoka osmiamu moja hadi nyingine mpaka kwenye kaboni. Mwaka 2003 yeye na wenzake walichomeka nyuzi mbili za kaboni kwenye zabibu moja wakapata mikrowati 2.4. Upande wa pili wa betri, kimeng'enya kingine huzikabidhi elektroni kwa oksijeni na maji yakatengenezwa. Lakasi huifanya kazi hiyo vizuri, ila kloridi iliyomo kwenye damu huilemaza, ndiyo maana wengi hupendelea bilirubini oksidesi.

Kikwazo kilichobaki ni uhai wa vimeng'enya. Seli hutengeneza vipya kila siku. Betri haiwezi, na vilivyomo huharibika muda si mrefu. Betri ya lithiamu iliyo kwenye kifaa cha moyo hudumu kwa miaka.

Bangili, basi? Mwaka 2021 watafiti wa University of California San Diego walionyesha kifaa cha kuvaa kidoleni kinachozalisha umeme kutokana na lakteti ya jasho. Kina vimeng'enya, na umeme wake umepimwa. Hakitibu ugonjwa wowote. Kipande cha shaba kisicho na kimeng'enya hakina hata pa kuanzia, na anayemuuzia mgonjwa kipande hicho huku akimshawishi aache insulini anamsogeza kaburini. Sioni sababu ya kumwita mtu huyo mtaalamu wa tiba mbadala.

Usiache metformini wala insulini bila daktari wako. Mwenye kifaa cha moyo ahudhurie kliniki kwa tarehe aliyopewa. Stripu za kupimia sukari nazo zina vimeng'enya vya ukoo huu: joto na unyevu huviua, na kipimo hudanganya. Funga kopo mara tu utoapo moja, liweke mbali na jiko na jua, na uangalie tarehe ya kuisha muda wake.