Saruji Iliyogandia Stoo: Tafakari juu ya Uvumilivu kutoka Utemini



Mlikuwa mnasubiri habari ya tangi la kuvunia maji ya mvua kwenye chekechea yetu hapa Utemini, mjini Singida. Habari ipo, ila si ile tuliyotarajia kuiandika. Mifuko 14 ya saruji imegandia stoo. Fundi tuliyepatana naye alisema atakuja Jumatatu. Hakusema Jumatatu ipi. Mimi, nikiwa katibu wa kamati, wiki ya kwanza nilimngoja kwa subira, ya pili kwa hasira, na kuanzia ya tatu niliacha hata kufungua mlango wa stoo, maana kila nilipoufungua roho iliniuma. Mvua za kwanza zikanyesha, bati likavuja, sakafu ikaloa. Siku tulipoingia na fundi mwingine tulikuta mawe yenye umbo la mifuko.

Fedha ile ilitokana na michango ya waumini na wafadhili, hivyo tumeona ni haki tueleze hasara hii ilivyotokea. Maelezo mepesi ni kwamba fundi alituangusha, na kweli alituangusha. Lakini saruji haikuharibiwa na fundi. Iliharibika kwa sababu mwenye ufunguo alikuwa amechukia.

Kiswahili kinatupa maneno kadhaa ambayo kwenye vikao vyetu tunayachanganya. Subira ni kungoja. Uvumilivu ni kubeba kinachouma bila kukitupa chini. Ustahimilivu ni kubaki umesimama baada ya pigo. Mama mmoja alisimama baada ya ibada akauliza kwa nini ujenzi hauanzi, nasi tukamjibu haraka kwamba subira yavuta heri. Methali ni nzuri, ila siku ile tuliitumia kama kufuli ya mdomo. Laiti tungelijibu swali lake, tungelazimika kwenda kuangalia stoo.

Nimelifikiri sana jambo hili. Kero ndogo ndogo, kama vile simu isiyopokelewa, mhuri unaoambiwa uufuate kesho, au kikao kinachoahirishwa kwa kukosa akidi, hazimwangushi mtu kwa uzito wake. Zinamfundisha kukwepa. Moyo ulioudhika hukimbia mahali ulipoudhiwa, na kazi hubaki pale pale bila mwenyewe. Kwa nje nilionekana mtulivu. Sikumgombeza mtu yeyote. Kumbe ule haukuwa utulivu, ulikuwa ni kususa.

Tazameni wakulima wa mkoa wetu. Singida hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Kaskazini. Tuna msimu mmoja tu, unaoanza karibu na Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Mara nyingi katikati yake, hasa mwezi wa Februari, mvua hukatika na jua hurudi kana kwamba ni Septemba. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anamtaja mkulima angojaye mvua ya kwanza na ya mwisho, nami nimesikia mahubiri mengi juu ya sehemu hiyo yakimchora mkulima kama mtu aliyeketi. Mkulima wa hapa haketi. Mbegu zikifa anarudishia. Alizeti ikionekana kuchelewa anaongeza eneo la uwele au mtama, mazao yanayostahimili ukame. Anapalilia hata wakati mawingu hayapo, kwani majani hunyonya unyevu mchache uliobaki ardhini. Mvua haimo mikononi mwake, na hilo halimzuii kushika jembe.

Mfano mwingine ni wa mtoto wa mkoa huu huu, Alphonce Simbu, mkimbiaji wa marathoni. Mwaka 2016 alimaliza wa 5 kwenye Olimpiki ya Rio, na mwaka 2017 akapata medali ya shaba kwenye mashindano ya dunia mjini London. Wengi tulidhani dhahabu iko mlangoni. Ilichukua miaka 8. Katikati kulikuwa na nafasi ya 7 kwenye Olimpiki iliyofanyika Japani mwaka 2021, medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola mwaka 2022, kisha nafasi ya 17 Paris mwaka 2024. Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, mkimbiaji mmoja aliondoka kabla ya ishara, na wote wakarudishwa mstarini kuanza upya. Baada ya kilomita 42 na ushee, Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Simbu alikuwa mbele kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Akawa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika riadha. Watu husimulia zile hatua za mwisho. Mimi navutiwa zaidi na mwaka ule wa nafasi ya 17, na asubuhi iliyofuata, alipolazimika kuamua kama atavaa tena viatu.

Turudi kwenye stoo. Kamati imekubaliana kwamba ufunguo ushikwe na watu wawili, nao waingie kila Jumamosi hata kama hakuna kazi. Saruji sasa inapangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, na iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kutoka. Pia hatununui ya kukaa zaidi ya miezi mitatu. Fundi hapewi siku bali tarehe, na ikipita bila yeye kuonekana, mjumbe anakwenda kwake kesho yake akiwa bado hajakasirika. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na mara mbili tumelishindwa.

Gharama ya mifuko 14 imefidiwa na wanakamati wenyewe, kila mmoja kwa uwezo wake. Haitaonekana kwenye hesabu za mradi. Kuta za tangi zimefika usawa wa kifua. Yule mama aliyeuliza swali ameingizwa kwenye kamati, naye anauliza bado. Mapande ya saruji iliyoganda tumeyapanga chini ya mti nje ya chekechea, na watoto huyakalia wakisubiri uji.