Kumsikiliza Anayemsifu Mobutu: Utangulizi wa Somo la Kumbukumbu ya Kisiasa

Kama umekaa hapa Kisangani, Kongo, hata juma moja, huenda umekwisha kuyasikia maneno yanayolizaa somo hili. Mama anayeuza samaki karibu na mto, au papa aliyestaafu ualimu huko Mangobo, anaitazama barabara iliyoliwa na mvua na kusema kwamba wakati wa Mobutu hatukuwa hivi. Kijana aliyeketi kando yake, aliyezaliwa miaka kadhaa baada ya Mobutu kufa, anaitikia. Nawe uliyefundishwa juu ya chama kimoja, wanasiasa walionyongwa hadharani na hazina ya taifa iliyotafunwa, unabaki kujiuliza: hawa wamesahau, au hawakujua? Mara nyingi si hili wala lile, na ningependa tuone pamoja kwa nini.

Somo lenyewe tunaliita kumbukumbu ya kisiasa. Linachunguza jinsi watu wanavyoukumbuka utawala uliopita, na jinsi wanavyoutumia kuupima ule unaowatawala leo. Ni jirani wa historia, lakini wana kazi tofauti. Mwanahistoria anauliza nini kilitokea mwaka 1973. Sisi tunauliza kwa nini mwaka 1973 unasimuliwa hivi leo, na nani, na mbele ya nani. Wageni wengi katika somo hukwama hapa, kwa sababu wanadhani wamekuja kumsahihisha msemaji. Kusahihisha kutakuwepo, ila hakuji kwanza.

Tuanze na mtu mwenyewe. Joseph-Désiré Mobutu, mzaliwa wa Lisala, alitwaa madaraka Novemba 1965 na kuyashika hadi Mei 1997. Je, alikuwa mhafidhina, yaani mtu anayetaka mamlaka na mpangilio wa asili ulindwe dhidi ya wanamapinduzi? Mwenyewe asingekubali jina hilo: chama chake cha MPR, kilichoundwa 1967, kilijitangaza kuwa si cha kushoto wala cha kulia. Lakini katika Vita Baridi alisimama na Marekani, Ubelgiji na Ufaransa dhidi ya ukomunisti, na nyumbani aliijenga siasa yote juu ya sura ya chifu mmoja, baba asiyepingwa na watoto wake. Otantisite, ile sera ya kurejea asili ya Kiafrika iliyowavua watu majina ya Kikristo na kuwavalisha abakosi badala ya suti na tai, iliwaita mababu waje kuitetea serikali. Mimi namweka kati ya wahafidhina bila kusita sana.

Rekodi yake haifichiki. Juni 1966, wanasiasa wanne, akiwemo Évariste Kimba aliyewahi kuwa waziri mkuu, walinyongwa Kinshasa mbele ya umati. Tarehe 30 Novemba 1973 alitangaza zairianizasioni, yaani kuwanyang'anya wageni maduka, mashamba na biashara na kuwakabidhi raia. Wengi waliokabidhiwa walikuwa watu wa karibu na chama. Hapa Kisangani maduka ya Wagiriki na Wahindi yalibadili wenyewe, bidhaa zikauzwa, na rafu nyingi hazikujazwa tena. Sarafu ya zaire ilipozinduliwa 1967, zaire moja ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Mwaka 1993 ilipoletwa zaire mpya, zilihitajika zaire 3,000,000 za zamani kupata moja. Soma tena sentensi hiyo, maana mzee anayemsifu Mobutu leo aliziishi tarakimu zote mbili.

Na hapo ndipo pa kuwa makini. Mzee anaposema "wakati wa Mobutu", mwulize ni miaka ipi. Si kwa ukali, sema tu, "Papa, wakati huo ulikuwa na miaka mingapi, ulikuwa unafanya kazi gani?" Utaona kwamba miaka karibu 32 inakunjwa na kuwa michache. Haiwezi kuanza kabla ya mwisho wa 1967, kwa sababu Julai 1966 na tena Julai 1967 mji huu ulitikiswa na maasi ya askari wa Katanga na mamluki wa kizungu, Mobutu akiwa tayari rais. Nayo kwa kawaida haivuki 1974, bei ya shaba ilipoanguka na matunda machungu ya zairianizasioni yakaonekana. Inabaki miaka kama saba. Ndiyo miaka ya timu ya taifa, Leopards, kutwaa Kombe la Afrika mara mbili, 1968 na 1974, ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman jijini Kinshasa, ya mshahara wa mwalimu kufika mwisho wa mwezi ukiwa bado na uwezo wa kununua kitu. Watu wanaisifu miaka hiyo saba na kuiita kwa jina la mtu aliyetawala mingine zaidi ya ishirini.

Kwa nini kumbukumbu inachagua? Msomi Mfaransa Maurice Halbwachs alitoa jibu mwaka 1925 ambalo bado tunalisimamia. Alisema hakuna anayekumbuka peke yake: tunakumbuka ndani ya makundi, yaani familia, kanisa, kazi, mtaa, na kila kundi linatupa vipande vya kushika na kutuachia vingine vianguke. Hiyo tunaiita kumbukumbu ya pamoja. Mwalimu mstaafu anakumbuka kama mwalimu. Mfanyakazi wa meli za ONATRA, shirika la uchukuzi la serikali, zilizopanda kutoka Kinshasa anakumbuka kama mtu wa mto. Mwanafunzi wa 1969, ambaye wenzake wa chuo cha Lovanium walipigwa risasi na askari Juni mwaka ule, ana zamani nyingine kabisa. Wote watatu wakikutana msibani, watakuwa na Mobutu watatu.

Sasa tupande ngazi moja. Kila sifa ya zamani ni ulinganisho, na upande wake wa pili mara nyingi hautamkwi. Hapa Kisangani upande huo una tarehe. Tarehe 15 Machi 1997 majeshi ya AFDL, muungano wa waasi wa Laurent-Désiré Kabila, yaliingia mjini, na wengi walishangilia. Agosti 1999 majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyokuja Kongo kama washirika, yalipigana yenyewe kwa yenyewe katika mitaa yetu. Yakarudia Mei 2000. Kisha kuanzia 5 hadi 10 Juni 2000 yakaumwagia mji maelfu ya makombora. Ripoti za Umoja wa Mataifa zilitaja raia zaidi ya 760 waliouawa. Mei 2002, maasi dhidi ya RCD-Goma, kundi la waasi lililoushika mji, yalifuatwa na mauaji Mangobo na kwenye daraja la Tshopo. Mtu aliyepitia hayo akisema Mobutu alituletea amani, msikilize vizuri. Anatoa ushahidi juu ya Juni 2000 kwa kupitia 1970. Ukimjibu kwa orodha ya dhambi za Mobutu, utakuwa umejibu swali ambalo hakuliuliza.

Wapo wenzangu wanaoona mtazamo huu ni mpole mno, kwamba unampa dikteta msamaha kwa mlango wa nyuma. Hoja yao ina uzito, nami sitaki uisahau. Kuielewa sifa hakuifanyi iwe kweli. Utasikia, kwa mfano, mtu akimshukuru Mobutu kwa umeme wa maporomoko ya Tshopo, wakati mtambo ule ulianza kazi miaka ya 1950, enzi ya Wabelgiji. Kosa kama hilo liandike, lisahihishe katika daftari lako, kisha uulize limetoka wapi. Mara nyingi linatoka kwa serikali yenyewe.

Kwa maana Mobutu hakuwaachia watu kazi ya kumkumbuka; aliianza mapema. Stanleyville iliitwa rasmi Kisangani mwaka 1966. Nchi, mto na sarafu vikapewa jina moja, Zaire. Ikaja animasioni, yaani nyimbo na ngoma za kumsifu kiongozi, zilizochezwa shuleni na kazini na kila alipofika mgeni. Kitendo kinachonishangaza kuliko vyote kinauhusu mji huu moja kwa moja. Stanleyville ilikuwa ngome ya Patrice Lumumba, aliyefanya kazi posta hapa na kukipatia chama chake wafuasi wengi. Askari wa Mobutu ndio waliomkamata Lumumba Desemba 1960, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga. Mwaka 1966 Mobutu huyohuyo akamtangaza shujaa wa taifa. Kwa hiyo usistaajabu ukikuta hapa mtu anayempenda Lumumba na kumsifu Mobutu katika mazungumzo yaleyale. Anachanganya, ndiyo, lakini alifundishwa kuchanganya.

Kijana aliyeitikia yeye anakumbuka nini? Hii tunaiita kumbukumbu ya kurithi: kumbukumbu ya jambo ambalo mtu hakuliona, aliyoipokea kwa wazazi akiwa mdogo hata akaihisi kuwa yake. Ina nguvu kwa sababu haina foleni ya mkate wala hofu ya kukamatwa. Mzazi anaposimulia huruka mengi. Ukimwona kijana huyo amevaa kofia ya chui kama ya Mobutu, usikimbilie kuandika kwamba anataka udikteta.

Utajiuliza tutajuaje basi watu walisema nini wakati wenyewe, kabla kumbukumbu haijapikwa upya. Una bahati, maana mji huu umeandikwa. Benoît Verhaegen, aliyefundisha hapa, alianzisha mbinu aliyoiita historia ya papo kwa papo: kukusanya ushahidi kutoka kwa wahusika wakiwa bado hai na tukio likiwa bado moto. Janet MacGaffey alichapisha mwaka 1987 utafiti wake juu ya wafanyabiashara wa Kisangani, na humo utaona jinsi watu walivyoishi kwa biashara ya magendo wakati serikali ilipokuwa haiwalipi. Ukienda kusini, Lubumbashi, utawakuta André Yav aliyeandika historia ya mji wake kwa Kiswahili mwaka 1965, na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, ambaye miaka ya 1970 alichora historia ya nchi nzima na kuieleza kwa Kiswahili mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Lugha yako imo tayari katika hifadhi ya somo hili. Weka maneno ya wakati ule kando ya maneno ya leo, usome yote mawili.

Nimalizie na fumbo gumu zaidi. Msomi Svetlana Boym, katika kitabu chake cha 2001, alitofautisha hamu ya zamani ya aina mbili: moja inataka kuijenga upya nyumba iliyobomoka, nyingine inapenda tu kukaa na magofu na kuyatafakari. Ufilipino ilionekana kuwa ya aina ya kwanza mwaka 2022, ilipomchagua mwana wa dikteta Ferdinand Marcos kuwa rais. Kongo ilipata nafasi yake mapema. Mwaka 2006 Nzanga Mobutu, mwana wa Mobutu aliyeitwa Marshali, aligombea urais na kupata asilimia 4.77 katika duru ya kwanza. Mwaka 2011 akapata 1.57. Mwaka 2006 huohuo mashariki ya nchi, jimbo letu likiwemo, yalimpa kura nyingi Joseph Kabila, mwana wa mtu aliyempindua Mobutu. Waliokuwa wakimsifu Marshali barazani walienda kituoni na kupiga kura kinyume cha jina lake. Huenda hamu yao ni ya aina ya pili tu. Huenda pia walitenganisha baba na mwana, au walimchagua aliyeonekana kuwa na uwezo wa kuzuia vita visirudi, na hapo amani ile ya 1970 inakuwa imempigia kura Kabila. Mimi naelemea jibu hili la tatu, lakini bado halijapimwa mtaa kwa mtaa hapa mjini, na waliopiga kura ile wengi wao wapo Kabondo, Lubunga na Makiso, wako tayari kuzungumza.