Madini ya Matabaka na Moto Uyageuzao

Mnamo mwaka wa 1842, huko Snarum katika nchi ya Norwei, yalielezwa kwa mara ya kwanza madini meupe na laini yaitwayo haidrotalsaiti, ambayo, kwa kuwa hayakuwa na dhahabu wala fedha ndani yake, hayakumshughulisha mtu kwa muda mrefu ila wachache wapendao elimu ya mawe. Na ilipofika mwaka wa 1915 ndipo Mwitalia Ernesto Manasse alipobainisha fomula yake, yaani magnesiamu 6, alumini 2, haidroksidi 16, kaboneti 1 na maji 4. Siku hizi madini hayo na jamaa zake wote, waitwao haidroksidi za matabaka, hutengenezwa viwandani kwa wingi, na pengine msomaji amekwisha kuyameza bila ya kujua, maana yamo katika vidonge vya kiungulia.

Sifa zake zote hutokana na umbo. Kila tabaka ni kama jani jembamba mno la haidroksidi ya magnesiamu, ila baadhi ya nafasi za magnesiamu, yenye chaji chanya 2, zimeshikwa na alumini yenye 3, hata tabaka zima likabaki na ziada ya chaji chanya; na kwa kuwa ziada hiyo haiwezi kuachwa vivi hivi, sharti baina ya tabaka na tabaka ziingie ioni zenye chaji hasi, aghalabu kaboneti, pamoja na maji. Walter Feitknecht wa Uswisi, aliyeyachunguza kwa bidii na kutoa maandishi yake mwaka wa 1942, alidhani kwamba kila metali ina tabaka lake la peke yake. Haikudhihirika mpaka miaka ya 1960 mwishoni, kwa ithibati ya miale ya eksirei, kwamba metali zote mbili hukaa katika tabaka moja.

Utengenezaji wake hautaki vyombo vya thamani, bali wataka subira. Huyeyushwa naitreti ya magnesiamu na naitreti ya alumini katika maji safi, kwa kadiri ya tatu kwa moja, na katika chombo cha pili huyeyushwa kostiki, ile ile ya watengenezaji sabuni, pamoja na magadi. Kisha vyote viwili hudondoshwa taratibu na kwa wakati mmoja katika chombo cha tatu kinachokorogwa bila kukoma, huku pH ikilindwa isitoke karibu na 10. Wako wanaouliza kwa nini kostiki isimiminwe tu juu ya chumvi kazi ikaisha mapema. Sababu ni kwamba alumini hutuama upesi, hali maji yangali na uchachu, ilhali magnesiamu hungoja mpaka ukali wa kostiki uzidi sana. Basi mwenye haraka atapata mashapo mawili yaliyotuama mbalimbali, wala si kitu kimoja.

Mashapo hayo meupe huachwa usiku kucha katika joto la nyuzi 65 hivi, ili matabaka yapangike, ndipo yachujwe na kuoshwa. Hapa ndipo wengi huchoka, kwa sababu mashapo huteleza na kuziba karatasi ya chujio, na maji hupita tone baada ya tone. Lakini sodiamu ikisalia, nayo ni kali kwa tabia yake, itafanya kazi ya kichocheo ambayo baadaye mtaalamu ataisifia madini yake bure. Mimi naona kuosha huku ndiko kunakomtenga fundi na mwenye pupa.

Yakisha kukauka huingizwa tanurini. Kufikia nyuzi 200 au zaidi kidogo hutoka maji yaliyokuwa baina ya matabaka, nayo matabaka husogeleana tu. Baina ya 300 na 500 haidroksidi nazo huvunjika zikatoka kwa sura ya mvuke, na kaboneti ikatoka kwa sura ya kaboni dayoksaidi, hata katika kila gramu 100 zilizotiwa zikasalia 57 hivi. Hewa hizo zinapotoroka huacha vinyweleo visivyohesabika, na gramu moja ya kilichosalia yaweza kuwa na uso wa mita za mraba zipatazo 200. Kilichosalia ni oksidi mchanganyiko, ambamo alumini imetawanyika ndani ya oksidi ya magnesiamu hata eksirei isione ila umbo la hiyo magnesiamu. Nayo ni kichocheo chema cha kugeuza mafuta ya mimea kuwa dizeli.

Wachoma chokaa wa pwani wajua kuwa jiwe lililochomwa huirudia kaboni yake likikaa ukutani. Lakini oksidi hii hupita hapo, kwani ikitiwa majini hujijenga upya matabaka yake, ikizifungia ndani ioni ilizozikuta. Moto ukipita kiasi, yapata nyuzi 900, huzaliwa madini mengine yaitwayo spineli, na uwezo huo hutoweka.

Kwa hiyo wengi wameitazamia kuondoa floraidi, ambayo katika maji ya sehemu za Arusha na miteremko ya Meru hupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ikatia meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa. Katika maji yaliyokenekwa huinasa vizuri sana. Lakini maji ya huko yana baikaboneti nyingi, na matabaka haya hupenda kaboneti kuliko floraidi. Seuze kwamba yakijaa lazima yaoshwe kwa magadi kabla ya kuchomwa tena, na maji hayo ya kuoshea, yaliyobeba floraidi yote, bado yatatafutiwa pa kumwagwa.