Anachora, Anaandika, Anapiga Picha: Sasa Asomee Nini?

Likizo ya Agosti nilipita kwa shangazi yangu Nakuru. Chai haikuwa hata imepoa na tayari nilikuwa nimeletewa kesi.

Kesi yenyewe ni binti yake wa miaka 17, yuko kidato cha tatu. Anachora. Anaandika hadithi kwenye madaftari ya shule. Anapiga picha kwa simu ya mamake na kuzipamba hadi utafikiri zimetoka studio. Wikendi anasuka majirani. Mwezi huu anataka kuwa mwanahabari, mwezi ujao ni mbunifu wa mavazi. Shangazi, ambaye anauza mitumba na karo anailipa kidogo kidogo, anataka jibu moja tu.

"Wewe si umesomea mambo ya biashara? Mwambie achague kitu kimoja. Uuguzi upo."

Nilitaka kumtetea binamu yangu na maneno matamu ya kipaji. Lakini kazi ya mauzo imenifunza swali moja, na ndilo nililomuuliza: nani ashawahi kukulipa, na alikulipia nini?

Akasema watu hulipia michoro ya sura. Shangazi akasema hajawahi kulipwa na mtu. Kumbe wote wawili walikuwa wamekosea.

Binamu yangu hana kitambulisho bado, kwa hivyo pesa zake huingia kwa laini ya mamake. Tukaomba taarifa ya miamala ya miezi sita, ile inayotumwa kwa barua pepe. Nikachora mistari kwenye daftari: kazi, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka. Tukaanza kupita jina moja moja.

Michoro ya sura ilikuwa miwili tu, shilingi 300 kila mmoja, na kila mmoja ulikula wikendi nzima. Kusuka kulileta pesa kiasi, ila hizo alizijua. Kilichotushangaza ni majina ambayo shangazi alidhani ni wateja wa mitumba: mama wa kanisani, jirani wa ploti ya pili, mwenye saiba ya pale steji. Mia tano. Mia saba. Mia tano tena.

"Hizi ni za nini?"

"Ah, hizo ni programu za mazishi," akajibu, kama mtu anayetaja kufagia uwanja.

Kama umewahi kufiwa unajua kazi hiyo. Familia inaleta picha za zamani zilizokunjika, mtu fulani anatakiwa kuandika historia ya marehemu, kuna orodha ya watoto na wajukuu ambayo jina moja likikosekana ni vita, kuna nyimbo, kuna ratiba, na yote yachapishwe kabla ya Ijumaa. Binamu yangu huketi na wafiwa, anasikiliza, anaandika historia. Anasafisha picha. Anachora maua ya pembeni. Anapanga kurasa, kisha mwenye saiba anachapisha.

Kazi 11 kwa miezi sita. Shilingi 7,150. Ukitoa 1,400 za bando, zinabaki 5,750.

Shangazi alinyamaza. Halafu akaweka kidole kwenye mstari wa mwezi wa tatu. "Hii niliongezea bale." Msichana naye alikuwa anajua pesa zake zimeliwa, ila angeanzia wapi kumwambia mamake? Hakuna aliyeiba. Pesa ya stoki na pesa ya mtoto zilikaa mfuko mmoja, na mfuko mmoja hauna kumbukumbu.

Sasa rudi kwa ile kesi. Kuandika, kuchora na picha, yale mambo matatu aliyokuwa anaambiwa achague moja, yote yamo ndani ya programu moja ya mazishi. Kazi hiyo ina jina: ni usanifu wa kurasa na michoro, mtaani tunaita grafiki. Na haiishii kwa saiba. Kuna watu wanapanga kurasa za vitabu vya shule, wanaobuni pakiti za unga na nembo za biashara, wanaotengeneza katuni za video. Hata programu ya simu unayotumia kutuma pesa, kuna mtu aliyekaa akaamua kitufe kiwe wapi na kiandikwe neno gani ili nyanya yako asibonyeze pasipofaa. Huyo anahitaji jicho la mchoraji na sikio la mwandishi.

Wako waliopita njia zisizonyooka. Gado, mchoraji katuni, alikuwa ameanza kusomea usanifu majengo Dar es Salaam kabla ya kuja Nairobi mwaka 1992 kuchorea gazeti la Nation. Baadaye akaanzisha XYZ Show, kipindi cha vikaragosi kilichoingia runingani 2009. Hapo kuna kuchora, kuchonga, kuandika vichekesho na televisheni, kwa kazi moja.

Kuhusu masomo, sitawadanganya kwamba kipaji kinatosha. Akipata C+ kwa KCSE anaweza kuomba digrii kupitia KUCCPS: Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha usanifu, Kenyatta kuna sanaa. Isipofika hapo kuna diploma na vyeti. KIMC pale Nairobi inafundisha mambo ya video na utangazaji, na Buruburu kuna taasisi ya sanaa ambayo wachoraji wengi wa Nairobi wanaijua. Wenye watoto wa gredi ya 9 mna njia tatu za sekondari ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Usimtoe mtoto kwenye hesabu kwa sababu tu anachora. Usanifu majengo unataka zote mbili.

Ila kabla ya chuo kuna hizi pesa ndogo zinazoingia sasa, na hapa ndipo vijana wabunifu wanaumizwa sana.

Shangazi amesajili laini ya pili kwa jina lake, ya kazi za mtoto tu. PIN ni ya mama. Msichana anaandika daftari, na mwisho wa mwezi wanalinganisha na miamala. Akifika 18 na kupata kitambulisho, atasajili yake.

Kazi haianzi bila nusu ya malipo. Nusu ya pili inaingia kabla mteja hajatumiwa faili safi. Kabla ya hapo anaonyeshwa nakala yenye maandishi makubwa katikati. Na usiamini ujumbe wa "umepokea" peke yake, kwa sababu ujumbe feki unaandikwa na yeyote. Angalia salio lako mwenyewe. Yuko pia mteja anayetuma pesa, anachukua kazi, kisha anaomba muamala urudishwe akidai alikosea nambari. Mazungumzo yenu ya WhatsApp yasifutwe, na ukiona hivyo piga simu huduma kwa wateja siku hiyohiyo.

Halafu kuna zile "kazi za mtandaoni" ambapo unaambiwa utume kwanza ada ya usajili. Mwajiri anakulipa wewe. Ukiona unamlipa yeye, funga hiyo chati.

Uuguzi bado uko kwenye orodha ya shangazi, na simlaumu. Mshahara wa kila mwezi si jambo la kuchekea ukiwa umelea watoto kwa mitumba. Lakini sasa orodha ina mstari wa pili, na ni yeye mwenyewe aliyeuandika.

Wiki iliyopita nilimwomba binamu yangu anitengenezee kadi ya harusi ya rafiki. Nikamwambia ni haraka, mimi ni wa nyumbani, tutaongea baadaye. Akanitumia nambari ya ile laini mpya, na maneno mawili: "Nusu kwanza."