Kitenzi “let” kilipokuwa na maana ya kuzuia

Katika tendo la kwanza la tamthilia ya Hamlet, onyesho la nne, mzimu wa baba unamwashiria mwanamfalme Hamlet aufuate. Horatio na Marcellus wanamkamata asiende. Naye anafoka kwamba yeyote atakayem-let atamgeuza mzimu. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa let ni kuruhusu hukwama hapo: vipi Hamlet atishie kumuua anayemruhusu?

Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili. Kimoja, lætan, kilikuwa kuacha au kuruhusu. Cha pili, lettan, kilikuwa kuzuia, nacho kilitokana na neno lenye maana ya uzito wa mwendo, kukawia: kumzuia mtu ni kumkawiza. Karne zilivyopita, miisho ya maneno ilimomonyoka, na vyote viwili vikaja kutamkwa na kuandikwa sawasawa. Sisi nasi tuna mpishi anayepaa samaki na ndege anayepaa angani, ila hao hawagombani. Let mbili zilipingana waziwazi, na nadhani hilo ndilo lililoiponza ile ya kuzuia.

Zinatambulikaje? Let ya kuruhusu kwa kawaida hudai kitenzi kingine nyuma yake: mwache aende, mwache alale. Ya kuzuia hutosheka na mtendwa, basi. Hamlet anasema hivyo hasa. Ukiikosa maana hii unamkosa Hamlet mwenyewe, maana huyu anayesifika kwa kusitasita yuko tayari, mapema namna hii, kumuua rafiki yake kuliko kucheleweshwa.

Biblia ya King James ya mwaka 1611 nayo inakitumia: Mungu katika Isaya 43:13 anauliza nani awezaye ku-let kazi yake, na katika 2 Wathesalonike 2:7 Paulo anakirudia mara mbili mfululizo. Msomaji wa Biblia yetu ya Union hapati tabu, kwani wafasiri waliandika kuzuia.

Leo kimebaki kama nomino. Katika tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu kisha ukaangukia ndani ya eneo lake, mwamuzi hutamka let na mpigaji hurudia. Pasipoti ya Uingereza nayo inaomba mwenye nayo apite bila let, yaani bila kizuizi.